Papa ni samaki, lakini babu yako hakukosea sana

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mchuuzi wa ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, hapa Wete, Pemba. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi wa jarife, na siku zote alishikilia kwamba papa si samaki: hana mfupa, hana magamba, hatagi mayai bali huzaa vitoto hai, na nyama yake isipowahiwa hunuka mkojo. Hata wateja wangu huniuliza harufu ile inatoka wapi. Mwanangu anayesoma sekondari anacheka. Anasema papa ni samaki ila ni wa kale, hakubadilika tangu enzi za dinosaria, na kwamba lile papa kubwa la zamani lenye meno yanayokaribia shibiri bado limo chini ya Mkondo wa Pemba. Nani mkweli?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu.

Papa ni samaki. Ana uti wa mgongo, anapumua kwa matamvua, na maisha yake yote yamo majini. Hapo kijana ameshinda. Lakini yale manne aliyoyaona babu yako dikoni ni ya kweli isipokuwa moja na nusu, na nitakuonyesha ni yapi. Kosa la kijana ni zito zaidi, la kudhani papa ni kiumbe aliyesahaulika na wakati. Kosa hilo wanalo hata watu waliosoma sana.

Nianze na harufu, maana ndiyo inayogusa riziki yako.

Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko damu ya samaki wengi. Embe mbichi ukiikata na kuinyunyizia chumvi, baada ya muda utaikuta imetoa maji. Bahari humfanyia changu na tasi vivyo hivyo, usiku na mchana, inawavuta maji ya mwilini. Wao hujiokoa kwa kunywa maji ya bahari mfululizo na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Papa alishika njia nyingine kabisa. Yurea, ile taka ambayo mimi na wewe tunaitoa kwa mkojo, yeye anaizuia ibaki mwilini. Damu yake ina yurea zaidi ya mara hamsini ya ile iliyomo katika damu ya mtu mzima wa afya, na kwa wingi huo umajimaji wa mwili wake unalingana na bahari, hata unaizidi kidogo. Bahari haina tena nguvu ya kumkausha, na hana haja ya kunywa. Chumvi inayozidi huitoa kwa tezi ndogo iliyo karibu na njia ya haja.

Yurea nyingi namna hiyo ingeziharibu protini za misuli, kwa hiyo papa huhifadhi pia kemikali ya pili inayozilinda. Akiwa hai mambo yote yamo katika mizani. Akifa, bakteria huivunja yurea ikawa amonia, na ile kemikali ya pili nayo huvunjika ikatoa shombo kali. Pua ya babu yako basi haikumdanganya: yurea iliyomo katika mkojo ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika mnofu wa papa. Taa, nyenga na pungu wananuka hivyo hivyo kwa sababu ni ndugu zake wa karibu.

Kwa kazi yako, hii ina maana kwamba ubora wa ng'onda huamuliwa chomboni kabla wewe hujamuona papa mwenyewe. Akichinjwa na kutolewa damu mara tu anapopandishwa, akapasuliwa matumbo, akaoshwa na kuwekwa kwenye barafu au kivulini, yurea nyingi huondoka na damu na bakteria hucheleweshwa. Chumvi hufanya kazi mbili, kuvuta maji ambayo yurea imeyeyuka ndani yake na kuwanyima bakteria unyevu. Ndimu na siki huifunga amonia isinuke, ndiyo maana wapishi wetu humloweka papa kabla ya kumtia tui. Lakini ndimu haimrudishi papa aliyekwisha oza. Mchuuzi anayekuuzia papa kwa bei ya chini huku amemmwagia ndimu mapema, mtilie shaka.

Na kwa kuwa unauza chakula, kuna jambo sharti nilitaje. Papa wakubwa hukusanya zebaki mwilini kwa miaka mingi, kwa sababu wanakula samaki waliokula samaki. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wanashauriwa waepuke nyama ya papa mkubwa. Mteja wako mjamzito akikuuliza, mwambie achukue dagaa.

Sasa mfupa. Babu alikuwa sahihi: kiunzi cha papa ni gegedu, aina ile ile iliyo kwenye sikio na ncha ya pua yako, ila ya kwake imeimarishwa kwa vipande vidogo vidogo vya kalisi juu yake, na ndiyo maana taya la papa mkubwa ni gumu hata kwa panga. Kwa muda mrefu wanasayansi walifundisha kwamba gegedu ndiyo hatua ya mwanzo, mfupa ukaja baadaye, na kwamba papa alibaki nyuma. Mwaka 2020 fuvu la samaki mwenye deraya lililotoka Mongolia, aliyeishi miaka milioni 410 hivi iliyopita, lilielezwa kwa mara ya kwanza. Tawi la samaki huyo lilichipuka kabla ya ukoo wa papa kuachana na ukoo wa samaki wenye mifupa, nao ndio ukoo wetu sisi, na ndani ya fuvu lake mlikuwa na mfupa halisi. Maelezo yanayokubaliana na ushahidi huo ni kwamba wahenga wa papa walikuwa na mfupa, kisha papa wakauacha. Mfupa ni mzito, na papa hana kibofu cha hewa cha kumwelesha. Badala yake ana ini kubwa mno, kwa baadhi yao linafika robo ya uzito wa mwili, lililojaa mafuta mepesi kuliko maji. Wazee wetu waliyajua mafuta hayo vizuri: ndiyo sifa waliyopaka madau na majahazi ili mbao zisipasuke. (Watu wanaouza vidonge vya gegedu ya papa wakidai vinaponya saratani kwa kuwa papa haugui saratani, wasikusumbue. Papa wanaugua, na uvimbe wa namna hiyo umekutwa kwao tangu zaidi ya miaka mia iliyopita.)

Magamba ndipo babu alipokosea, na ni kosa la haki. Pitisha mkono kutoka kichwani kuelekea mkiani, ngozi ni laini. Rudisha mkono, inakukwaruza. Unachokigusa ni maelfu ya magamba madogo sana, na kila gamba limejengwa sawasawa na jino, lina uwazi wenye mishipa katikati, dentini juu yake na ganda gumu nje. Papa amefunikwa meno mwili mzima. Yale ya kinywani yamepangwa safu nyuma ya safu, na linalong'oka hufuatwa na jingine. Baadhi ya papa huangusha maelfu ya meno katika umri wao. Weka hilo akilini, tutalihitaji tukifika kwa yule mkubwa wa kijana wako.

Hapa kwenye uzazi nitakaa kidogo, na ndipo ile nusu ya kosa la babu inapoingia.

Babu aliona vitoto hai kwa sababu papa wanaonaswa zaidi na jarife wengi ni wa jamii zinazozaa. Wapo wanaotaga. Yule papa wa miambani mwenye mkia mrefu na madoa ya chui, ambaye akiwa mdogo ana mistari ya punda milia, hutaga mfuko mgumu wa rangi ya kahawia iliyokoza wenye nyuzi za kushikia mwamba. Kitoto hukaa humo miezi kadhaa kikila kiini chake hadi kitoke.

Wanaozaa nao hawazai kwa njia moja. Papa wa mchanga, anayepatikana pwani ya Afrika Kusini, ana mifuko miwili ya uzazi, na ndani ya kila mmoja kitoto cha kwanza kuota meno huwala wenzake kisha hula mayai mengine yanayoshuka. Huzaliwa viwili tu, kila kimoja kikiwa na urefu wa takribani mita moja na uzoefu wa kuwinda. Mmarekani Stewart Springer aliandika mwaka 1948 jinsi alivyotia mkono tumboni mwa mama wa aina hiyo akaumwa na kitoto ambacho hakijazaliwa. Papa wenye milia, wale wanaomeza kasa na ndege na takataka, hubeba vitoto makumi vinavyolishwa na kiini na maji ya mfuko wa uzazi. Halafu wapo pingusi, wale wenye kichwa kama nyundo, na jamaa zao wengi. Kwao, kiini kikiisha, mfuko wake hujishika kwenye ukuta wa tumbo la mama na kuwa kondo la nyuma, pamoja na kitovu kinachopeleka chakula. Aristotle aliliandika jambo hilo kuhusu papa mmoja mdogo zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita, na wasomi wengi walilipuuza mpaka Johannes Müller wa Berlin alipolithibitisha mwaka 1842. Ukimpasua pingusi mwenye mimba, utakiona kitovu hicho kwa macho yako.

Lipo la ajabu zaidi. Desemba 2001, katika bustani ya wanyama ya Omaha, Marekani, jike la aina moja ya pingusi wadogo lilizaa kitoto ilhali tangi lile halikuwa na dume hata mmoja wa aina yake. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 haukukuta chembe ya baba. Wavuvi wakisikia hilo hucheka na kusema lazima dume aliruka ukuta.

Sasa pima. Changu jike hutoa mayai laki nyingi katika maisha yake. Pingusi hubeba mimba karibu mwaka mzima, azae vitoto kumi na kadhaa, pengine hadi arobaini. Papa mweupe jike anahitaji takribani miaka thelathini kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Papa wa Greenland, katika maji ya barafu, anakadiriwa kupevuka akiwa na miaka 150 hivi. Utafiti wa mwaka 2016 ulimpima jike mmoja na kumkuta na umri usiopungua miaka 272. Maisha ya mwendo huo yalifaa bahari ambayo papa mkubwa hakuwa na adui. Nyavu za nailoni na soko la mapezi vilikuja juzi tu. Tathmini ya dunia ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya papa, taa na jamaa zao wako hatarini kutoweka, na sababu kuu ni uvuvi kupita kiasi. Papa upanga, ambaye kwa ukoo ni taa, amekuwa adimu mno katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Mapezi ya pingusi wakubwa yamo chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa kwa uamuzi wa mwaka 2013, kwa hiyo mtu akikushawishi uyakusanye kwa ajili ya kusafirisha nje, uliza kwanza ofisi ya uvuvi kuhusu vibali. Sikwambii uache kuuza ng'onda. Wewe si chanzo cha tatizo hili. Ila ukisikia wavuvi wakilalamika kwamba papa wa siku hizi ni wadogo, ujue kwamba wengi wa hao hawajawahi kuzaa.

Nije kwa kijana.

Kwamba papa ni wa kale, ni kweli. Meno ya jamaa za papa yanapatikana katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, kabla dunia haijaota mti mrefu hata mmoja. Dinosaria walikuja zaidi ya miaka milioni 150 baadaye. Lakini akimwona Cladoselache, aliyeishi miaka milioni 370 hivi iliyopita mahali ambapo leo ni jimbo la Ohio, Marekani, atamkuta ana kinywa mbele kabisa ya kichwa, si chini, na karibu hana magamba mwilini. Stethacanthus dume alikuwa na pezi la mgongoni lililotandazika juu bapa, limejaa miba, na hadi leo watu wanabishana lilikuwa la kazi gani. Helicoprion ndiye niliyempenda tangu nilipomwona kitabuni: meno yake hayakuanguka, yalijiviringisha. Mrusi Karpinsky alipomwelezea mwaka 1899 hakujua aliweke wapi duara lile la meno, na kwa miaka mia moja wachoraji walilipachika puani, mgongoni, hata mkiani. Picha za eksirei zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba lilikaa katikati ya taya la chini. Mwenyewe aligundulika kuwa karibu zaidi na kimera, jamaa wa papa wa bahari za kina, kuliko papa wa leo.

Hao wote wameondoka. Papa wa mpangilio huu tunaoujua wengi walijitokeza katika Jura, mojawapo ya enzi za dinosaria, na pingusi, ambaye kijana atamdhania kuwa wa kale kuliko wote kwa sura yake, ni mgeni wa miaka milioni 20 hivi. Kichwa kile kipana kinampa macho yanayoona mbali pande zote na nafasi kubwa ya vitundu vinavyonasa umeme hafifu wa misuli ya taa aliyejifukia mchangani. Hapa kwetu Tanzania, kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, walikochimbua Wajerumani mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, kimetoa pia meno madogo ya papa wa ukoo wa hibodonti walioishi kwenye wangwa na maji ya pwani miaka milioni 150 iliyopita. Ukoo huo wote umekwisha.

Na waliopo leo, spishi zaidi ya 500, hawafanani hata kidogo. Potwe, yule wa madoa ambaye wengine humwita papa shilingi, amepimwa kufikia mita 18 na hula viumbe vidogo vya majini kwa kuchuja; kila mwaka watu huenda Mafia kumwangalia. Papa-taa mdogo kabisa (taa ya kumulika, si yule samaki taa) hafiki urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole, na tumbo lake linatoa mwanga. Papa wa mito, ambao huko Msumbiji wanapanda mto Zambezi kwa mamia ya kilomita, hupunguza yurea yao ili maji baridi yasiwafurishe. Yupo mmoja wa nusu mita anayemng'ata jodari au pomboo, akajizungusha na kuondoka na pande la nyama. Ukiona jodari mkubwa sokoni ana kidonda cha mviringo safi, mshuku yeye.

Yule mkubwa anaitwa megalodoni. Tunamjua kwa meno zaidi na pingili za uti wa mgongo, kwa sababu gegedu huoza. Meno yake makubwa yanafika sentimita 17 au 18, kwa hiyo "karibu shibiri" ni kauli ya kweli. Makadirio ya urefu wake yamepanda na kushuka, mita 15 hadi 20, na utafiti wa mwaka 2025 ukasema huenda alifika 24. Papa mweupe mkubwa kabisa wa leo ana kama mita 6.

Meno kama hayo ndiyo yaliyozaa nusu ya elimu ya miamba. Mwaka 1666 papa mkubwa alinaswa karibu na Livorno, Italia, na kichwa chake kikapelekwa kwa Nicolaus Steno, tabibu wa Denmark aliyekuwa Florence. Watu wakati huo waliyaokota meno ya mawe katika milima wakaamini yameota ardhini au yameanguka kutoka angani. Steno aliyalinganisha na kinywa kilichokuwa mezani pake, akahitimisha kwamba ni meno ya papa, na kwamba milima ile ilikuwa chini ya bahari.

Kwa nini basi hayumo katika Mkondo? Uvumi huu una asili. Meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, ilizoa meno ya megalodoni kutoka kilindini. Mtu mmoja baadaye akayahesabia umri wa miaka elfu kumi na moja hadi elfu ishirini na nne hivi kwa unene wa madini ya manganizi yaliyoganda juu yake. Hesabu ile haikusimama, kwa sababu manganizi haigandi kwa kasi moja. Meno yenye umri unaoaminika yanakoma miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Na huyu hakuwa mnyama wa kilindini. Mwili wake ulikuwa na joto kuliko maji, hivyo alihitaji chakula kingi sana, nyangumi wakiwemo, na nyangumi hupumua juu. Vitoto vyake vilikua kwenye maji ya kina kifupi. Huko Panama yamepatikana meno mengi ya vitoto hivyo mahali pamoja. Papa wa namna hiyo, anayeangusha meno maelfu, tungeyaokota mapya kila pwani, na wavuvi wa Pemba wangemjua kabla ya mtu yeyote wa intaneti.

Lakini Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kijana ana haki ya kuuangalia kwa hamu. Mwambie akifika dikoni ahesabu mianya ya matamvua. Karibu papa wote wana mitano kila upande. Duniani wapo wachache wenye sita au saba, wengi wao wakaaji wa vilindini, wa ukoo ulioanza katika Jura. Akimpata mmoja, ampige picha ubavuni na taya la chini, aandike jina la diko na kina cha maji alichotajiwa na mvuvi, kisha apeleke kwa watu wa uvuvi kabla papa mwenyewe hajakatwa vipande.